Somo wetu ni Mt. Lusia, na babu asiyeona amechoka na sabuni zetu

Mama Vitumbua (Masasi)

Tumsifu Yesu Kristo. Na wasio wa kwetu, habari za jioni.

Mimi ni mweka hazina wa Jumuiya ya Mtakatifu Lusia, kigango kimoja kati ya Ndanda na Masasi. Tarehe 13 Desemba ni sikukuu ya somo wetu. Utaratibu wetu ni uleule kila mwaka: misa, pilau, WAWATA (akina mama Wakatoliki) na sare zao za kitenge, halafu tunapita kuwaona wasioona wa kijijini, kwa kuwa Lusia ndiye msimamizi wa wenye shida ya macho. Mche wa sabuni, kilo ya sukari, wimbo mmoja, picha, tunaaga.

Mwaka jana tulifika kwa babu mmoja fundi baiskeli. Akanishika mkono, akauliza, "Mwanangu, hiyo ni sabuni tena?" Nikamwambia ndiyo, babu. "Haya, iweke na wenzake." Akaonyesha kwa kidole juu ya kabati. Kweli, miche imepangwa pale, mingine imeshashika vumbi. Wanakwaya wakacheka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Babu huyu ni Mwislamu na haoni kabisa miaka mingi sasa, lakini ringi ananyoosha. Anapindua baiskeli miguu juu, anashikilia msumari karibu kabisa na ringi, anazungusha gurudumu polepole huku ameinamisha sikio. Msumari ukikwaruza anasimamisha, anapapasa, anakaza spoku moja, analegeza ya pili, anazungusha tena. Nimemwona kwa macho yangu. Kwa sasa amekaa tu, spana zake ziliibwa.

Tunaowatembelea wengine ni bibi mmoja mwenye weupe kwenye mboni, yeye anasema ni uzee. Na binti wa miaka kama tisa ambaye kila tukifika tunaambiwa amelala. Saa nne asubuhi, amelala.

Mnada wa korosho ukienda vizuri msimu huu, mfuko wa jumuiya utakuwa na chochote. Mwenyekiti anapendekeza tuongeze mchele na tufungashe kwenye mifuko yenye picha ya Lusia. Swali langu kwenu wajuzi: hawa watakatifu wanaotajwa kwa ajili ya wasioona walifanya nini hasa? Kwenye picha yetu Lusia kashika macho mawili kwenye sahani, sasa hapo nijifunze nini? Nataka niende kikaoni na hoja.

Katekista Mstaafu (Nyangao, Lindi)

Milele na milele, amina. Mwanangu, swali zuri, ngoja nivae miwani.

Tuanze na hiyo sahani. Lusia alikuwa binti wa Sirakusa, kisiwani Sisilia, akauawa mwaka 304 wakati wa dhuluma ya Kaisari Dioklesiano. Masimulizi ya zamani yanasema alichomwa upanga shingoni. Habari ya kung'olewa macho iliingia karne nyingi baadaye, wachoraji wakaipenda, ndiyo hiyo mnaiona ukutani. Masimulizi yenyewe yanazungumzia zaidi pesa. Mama yake, Eutikia, aliumwa ugonjwa wa kutokwa damu, wakaenda wote wawili Katania kusali kwenye kaburi la Mtakatifu Agata, mama akapona. Hapo Lusia akamwomba wagawie maskini mali aliyowekewa kwa ajili ya ndoa yake. Mama akasema subiri kwanza nife. Binti akamjibu kwamba anayetoa wakati wa kufa anatoa kwa sababu hawezi kuondoka nacho. Toa leo ungali hai. Mchumba aliposikia mali inagawiwa, akaenda kumshitaki kuwa ni Mkristo. Mkisikia padre anasoma "Agata, Lusia, Agnesi, Sesilia" katika Sala ya Ekaristi ya Kwanza, ndiye huyo.

La pili, tarehe hiyohiyo ya 13 Desemba ni siku ya Mtakatifu Odilia wa Alsasi, na huyu ana undugu na huko kwenu pengine kuliko Lusia. Alizaliwa kipofu karne ya saba, binti wa mtawala. Baba akamkataa, akalelewa na watawa mbali na nyumbani, na inasimuliwa kwamba alipata kuona siku ya ubatizo wake. Baadaye akawa abesi, yaani mkuu wa monasteri ya masista, akaweka chini ya mlima nyumba ya kuhudumia wagonjwa na wasafiri ambao hawakuweza kupanda hadi juu kwenye monasteri. Sasa sikiliza: Wabenediktini waliofungua Ndanda mwaka 1906 ni wa shirika la Mtakatifu Ottilien, kule Bavaria. Ottilien ni huyo huyo Odilia. Kanisa dogo lililokuwepo pale lilikuwa lake. Na kaulimbiu ya shirika lao ni "Lumen caecis", nuru kwa vipofu. Watu wa kwenu wametibiwa na kusomeshwa Ndanda zaidi ya karne nzima chini ya jina la mtakatifu wa wasioona, na wengi hawajui.

Mfalme Ludoviko wa Tisa wa Ufaransa naye, mnamo 1260, alijenga Paris nyumba ya vipofu 300, inaitwa Quinze-Vingts, maana yake ishirini mara kumi na tano. Mpaka leo ipo, ni hospitali ya macho. Ninachokipenda mimi ni kwamba waliishi humo pamoja na watu wanaoona, waliokuwa wakiwaongoza njia. Palikuwa na maisha, si ghala la kuwafungia.

Kuhusu binti anayelala saa nne asubuhi, nimesimamisha kikombe cha chai nilipofika hapo. Msome Margareta wa Città di Castello. Kazaliwa 1287 Metola, Italia, haoni, mgongo umepinda, mfupi. Wazazi walikuwa wakubwa wenye ngome yao, wakaona aibu, wakamfungia kwenye chumba kando ya kanisa. Baadaye wakampeleka mjini Città di Castello kwenye kaburi moja lililosifika kwa miujiza. Muujiza haukuja. Wakamwacha hapohapo mjini, wakarudi kwao. Waliomchukua ni maskini, leo nyumba hii, kesho ile. Akavaa nguo ya Wadominiko, akawa anafundisha watoto, anahudumia wagonjwa, anaingia magerezani kuwaona wafungwa. Akafa 1320. Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu tarehe 24 Aprili 2021. Hakupata kuona hata siku moja.

Mlutheri wa Nachingwea

Bwana Yesu asifiwe. Sisi hatuwaombi watakatifu, ila sitaki kuharibu uzi wa watu. Naongeza wa upande wetu ambaye hana sahani wala sanamu: mchungaji Mjerumani Ernst Christoffel, mwaka 1908 alifungua huko Malatya, Uturuki, nyumba ya wasioona na watoto yatima ambao hakuna aliyewataka. Kutokana na kazi yake ndipo likatoka shirika la CBM, hao ambao jina lao mmelisikia kwenye huduma za macho hapa nchini. Na KKKT tuna shule ya wasioona Irente, Lushoto. Waanglikana wana Buigiri, Dodoma, tangu 1950. Kwa hiyo Mama Vitumbua, kikaoni mwambie mwenyekiti kwamba mifuko yenye picha haijawahi kumfundisha mtu kusoma.

Katekista, umemsahau Tobiti, yule mzee kipofu wa kwenye Biblia yenu. Najua mnamhesabu.

Katekista Mstaafu (Nyangao, Lindi)

Nilikuachia wewe, ingawa kwenu kitabu chake mmekitoa, heheh. Watu wanakumbuka malaika Rafaeli na nyongo ya samaki. Mimi nakumbuka yule mbuzi. Tobiti kapofuka, mkewe Ana ndiye anafuma nguo kwa ujira, siku moja waajiri wanamwongezea mwana-mbuzi juu ya mshahara. Mzee anasikia mbuzi analia ndani, anamwambia mkewe umeiba, rudisha kwa wenyewe. Ana anawaka. Katika Maandiko sijaona ugomvi wa ndani ya nyumba wa kweli kuliko ule. Mkienda kumwona asiyeona, mwangalieni na anayeishi naye.

Nesi wa Macho (Lindi)

Nimefika kwa kuchelewa, nipo zamu. Ya watakatifu nawaachia wazee, mimi nakuja na bibi.

Weupe kwenye mboni kwa mtu mzima, mara nyingi ni mtoto wa jicho. Huo hauondoki kwa dawa ya matone wala majani. Unaondolewa kwa upasuaji, wanatoa lenzi iliyochakaa wanaweka ya bandia, na kwa kawaida mgonjwa yuko macho, ganzi ni ya jicho tu, kazi yenyewe haichukui hata saa. Lakini sijamwona, siwezi kusema kwa simu. Inaweza kuwa kovu la vikope, na huku Kusini vikope tunavijua: nzi, uso usionawishwa, mtoto anamwambukiza mama, miaka inapita, kope zinageukia ndani na kukwaruza kioo cha jicho kila anapopepesa. Inaweza kuwa presha ya macho pia, na huko kilichopotea hakirudi, tunazuia kilichobaki. Ndiyo maana lazima apimwe na mtu wa macho, siyo jumuiya ikae na kuamua.

Tafadhali, na hapa nasema kwa ukali kidogo: asitiwe kitu jichoni. Maji ya majani, asali, maziwa ya mama, dawa ya matone ya jirani iliyobaki, hapana. Tunapokea macho yaliyooza kwa sababu ya huruma ya ndugu.

Kinachowakwamisha bibi zetu si bei peke yake. Bibi atakuambia nani atalisha kuku. Hana wa kumsindikiza, kwa sababu kijana akienda naye siku mbili na korosho ziko chini, zinaokotwa na wengine. Ameambiwa wanatoa jicho lote wanalisafisha kwenye sahani (samahani Lusia) halafu wanalirudisha. Na anaogopa kuwa mzigo. Jumuiya ikitaka kutumia hela za mnada vizuri, inunue nauli ya watu wawili, chakula cha watu wawili, na iteue mtu wa kulisha kuku. Mpelekeeni pia mtu aliyewahi kufanyiwa amwambie kwa mdomo wake. Bibi mmoja aliyepona anashawishi kuliko mabango yangu yote.

Yule binti ndiye wa haraka kuliko wote. Mtoto mwenye weupe mboni au asiyefuata mwanga hasubiri sikukuu. Jicho la mtoto likikaa miaka bila kupokea picha, ubongo haujifunzi kuona, hata ukija kulitengeneza. Na weupe kwa mtoto wakati mwingine ni saratani. Kama hakuna tiba, basi ni shule, na shule nayo haisubiri.

Mwalimu wa Nukta Nundu (Mtwara mjini)

Uzi huu nasomewa na simu yangu, sauti yake inatamka "Ottilien" kwa namna ya ajabu sana.

Mimi sioni tangu utoto, surua. Ni mwalimu. Nitasema yanayonihusu.

Katekista, nakuheshimu, ila hiyo kaulimbiu ya nuru kwa vipofu, vipofu waliokusudiwa pale walikuwa babu zetu wasiobatizwa, si sisi wa fimbo nyeupe. Kila siku tunatumika kama mfano wa kitu fulani: dhambi, ujinga, giza. Padre akihubiri Injili ya kipofu, watu wananigeukia. Nasikia mabenchi yanavyolia. Lakini nakubali kwamba shirika lenye kaulimbiu hiyo lilijenga hospitali kweli, kwa hiyo nameza.

Mtu wangu mimi ni Mwenyeheri Elżbieta Róża Czacka wa Poland. Alizaliwa 1876, familia ya kikabaila. Akiwa na miaka 22 akapoteza kuona kabisa baada ya kuanguka kutoka kwenye farasi. Daktari akamwambia ukweli kwamba hakuna tiba, akamwelekeza kwenye kazi ya wasioona inayofanyika nchi nyingine. Akajifunza nukta nundu, maandishi tunayosoma kwa vidole, akasafiri kuona wenzake Ulaya wanafanyaje, akaanzisha chama cha huduma kwa wasioona 1911, akaanzisha shirika la masista 1918, na kituo kikubwa cha Laski karibu na Warszawa kuanzia 1922. Nukta nundu ya Kipoland ni kazi yake. Alitangazwa mwenyeheri 12 Septemba 2021. Masista wake wapo hadi Kibeho, Rwanda, wanaendesha shule ya watoto wasioona. Huyu hakuwahudumia wasioona kwa kuinama kutoka juu. Alikuwa mmoja wao, akashika usukani. Hata Louis Braille mwenyewe, aliyetupa nukta sita, alikuwa kijana asiyeona, mpiga kinanda kanisani Paris.

Sasa hao watatu wenu. Hivi mmewauliza wanataka nini? Yesu alipofika kwa Bartimayo pale Yeriko alimwona wazi kuwa ni kipofu, na bado akamuuliza, "Wataka nikufanyie nini?" Ninyi mnafika na sabuni. Mimi ukiniuliza leo nataka nini, sitakuambia kuona. Nitakuambia karatasi ngumu za kuandikia nukta nundu, na dereva wa bodaboda asiyenishusha mtaroni.

Kuhusu binti: msiende kumi na kwaya. Aende mama mmoja anayeelewana na mama yake, siku ya kawaida, bila kitenge cha sare. Mimi nilifichwa pia. Wageni wakija nilikuwa napelekwa uani, na sikuwa nimelala. Mama yangu hakuwa mbaya, alikuwa anaogopa maneno ya watu. Aliyemtoa hofu ni jirani aliyekuja kukopa kinu, akanikuta nahesabu karanga, akamwambia mama, huyu anajua hesabu kuliko wangu. Ya shule yalianzia hapo. Ofisi ya elimu ya halmashauri ina afisa wa elimu maalum, mwanzieni huyo, na Chama cha Wasioona nacho kipo.

Picha acheni kabisa. Sijawahi kuona hata moja kati ya zile nilizopigwa.

Mtu wa Mikindani

Asalaam aleikum na wengine salamu. Nimeingia kwa ajili ya huyo babu, maana ni wetu.

Kwetu kuna Abdullah ibn Ummi Maktum, sahaba asiyeona. Alimjia Mtume (s.a.w.) wakati anazungumza na wakubwa wa Kiquraishi, ikateremka sura ya 80, Abasa, kumzindua Mtume kwa kumkunjia uso kipofu yule. Baada ya hapo alikuwa akimkaribisha kwa heshima kubwa. Alikuwa anaadhini Madina pamoja na Bilali, na Mtume akisafiri aliwahi kumwachia yeye asalishe watu. Kazi, tena kazi ya mbele za watu. Kwa hiyo mimi na Mwalimu tuko pamoja.

Spana za baiskeli si hela nyingi. Nunueni seti moja, hata mimi nachangia. Ila msimpe kwa wimbo. Kila mwenye baiskeli mbovu kwenye jumuiya aipeleke kwake, na mlipe kama mnavyolipa kwa fundi mwingine. Halafu mumuulize kama sabuni zile anaziuza, heheh.

Mama Vitumbua (Masasi)

Asanteni sana, jamani. Nimeuchapisha uzi huu stesheneri, nikaingia nao kikaoni.

Haikuwa rahisi. Mwenyekiti alikasirika kidogo, akasema sasa sikukuu ya somo haitakuwa na matendo ya huruma? Nikamsomea ya Lusia na mama yake, toa ungali hai. Akanyamaza, halafu akasema mifuko alishaiagiza. Mama mmoja akauliza kwa nini hela ya Wakristo inunue spana za Mwislamu. Aliyemjibu ni mumewe, na aliyoyasema siyaandiki hapa. Tumekubaliana mchele utabaki, lakini pungufu. Mifuko ya picha watapewa watoto wa chama cha Utoto Mtakatifu.

Babu nilimuuliza mwenyewe. Nilikwenda peke yangu jioni, nimebeba baiskeli ya mwanangu. Nikamwambia babu, unataka nini hasa kutoka kwetu? Akakaa kimya, akazungusha gurudumu. Akasema spana namba 15, pampu, na mtu wa kumsomea ujumbe wa simu, kwa sababu wajukuu wanamsomea wanayoyataka wao. Hilo la simu sikulitegemea. Kijana wetu mmoja wa VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, amekubali kupita kwake jioni. Mwalimu, ile sauti ya simu inayokusomea, inawekwaje? Simu yake ni ya batani.

Kwa binti amekwenda shangazi yangu, wanafahamiana na mama mtu tangu ujana. Amekaa huko mchana kutwa wakibangua korosho. Anasema mtoto alikuwa macho, na anajua kuimba. Zaidi ya hapo hakuniambia, kasema niwe na subira, anarudi tena Alhamisi. Nesi, nimemweleza hilo la weupe, kasema hakuona weupe wowote, ila macho yanachezacheza.

Bibi amekubali kwenda kupimwa, kwa sharti kuku wahamie kwangu, maana jirani yake hamwamini. Nesi, asubuhi ya safari ale au asile? Na anatumia vidonge vya presha, aviache?

Nesi wa Macho (Lindi)

Ale kama kawaida, na vidonge asiache hata kimoja, aje navyo na kadi yake ya kliniki. Msindikizaji aje na nguo za kubadili, huenda wakalazwa usiku mmoja.

Macho yanayochezacheza kwa mtoto yana sababu nyingi, nyingine huwezi kuziona kwa kumtazama. Huyo naye apimwe. Shangazi akirudi Alhamisi, amuulize mama mtu kama mtoto anakwepa mwanga wa jua au anaufuata, halafu niandikie.

Mwalimu wa Nukta Nundu (Mtwara mjini)

Ya batani kwa kawaida haina, mama. Inatakiwa ya kugusa, hata ya bei nafuu, sauti imo ndani tayari, inawashwa tu kwenye mipangilio. Babu akiipata nitamfundisha kwa kumpigia, jioni baada ya saa mbili. Na mwambie mapema, ya kwangu inasoma Kiswahili kwa lafudhi ya kizungu, asishituke.